Safari ya Siku Moja ya Kuwaleta Kuku Wapya Nyumbani: Mwongozo kwa Mfugaji Mdogo

Kuku anayenunuliwa asubuhi na kufikishwa bandani jioni huingia na mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye risiti, yaani uchovu wa safari na vimelea vya huko alikotoka. Uchovu huonekana mara moja na huisha baada ya siku chache ikiwa mfugaji amejiandaa. Vimelea vinaweza kukaa kimya kwa majuma kadhaa, kisha vikafyeka kundi la zamani ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mwongozo huu unaifuata siku hiyo tangu maandalizi yake hadi wageni wanapochanganywa na wenyeji, na unakaa kwa muda mrefu zaidi kwenye mambo mawili ambayo wengi huyapitia haraka: kumkagua kuku kabla ya kumlipia, na kumtenga baada ya kumfikisha. Umekusudiwa anayesafirisha kuku wachache, au boksi moja au mawili ya vifaranga, kwa gari dogo au pikipiki. Anayejaza lori anahitaji maelekezo mengine.

Hatua ya kwanza: Andaa makazi kabla ya kutafuta kuku

Banda la kupokelea wageni linapaswa kuwa tayari angalau siku moja kabla ya safari. Liwe mbali na banda la kuku ulionao kadiri eneo linavyoruhusu. Mita 10 ni mwanzo mzuri, na umbali zaidi ni bora, hasa ikiwa upepo wa kawaida wa mahali hapo hauvumi kutoka kwa wageni kwenda kwa wenyeji. Mwenye uwanja mdogo anaweza kutumia stoo au kibanda cha muda chenye kuta imara na hewa ya kutosha, mradi makundi mawili yasinywee chombo kimoja, yasikanyage udongo mmoja na yasihudumiwe kwa viatu vilevile.

Kama banda hilo liliwahi kukaliwa na kuku, usilihesabu kuwa safi kwa sababu tu limekaa tupu. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za mbao na chini ya fito za kulalia, hutoka usiku kunyonya damu, na unaweza kuishi miezi kadhaa bila kula chochote ukimsubiri kuku mwingine. Ondoa matandiko yote ya zamani, kwangua kinyesi kilichoganda, osha kwa maji na sabuni, kisha ndipo unyunyize dawa ya kuua vimelea, kwa kuwa dawa inayomwagwa juu ya uchafu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Acha banda likauke kabisa, halafu tandaza maranda makavu au pumba za mpunga kwa kina cha sentimita 5 hadi 10. Kwa kuku wakubwa, kadiria mita moja ya mraba kwa kuku wanne au watano.

Anayeleta vifaranga ana kazi ya ziada. Sehemu ya kulelea lazima iwashwe joto mapema, ikiwezekana tangu siku iliyotangulia, ili si hewa peke yake bali pia sakafu na matandiko viwe vimepata joto kabla vifaranga hawajakanyaga. Kipimajoto kiwekwe usawa wa mgongo wa kifaranga na kisome nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi katika wiki ya kwanza. Zungushia kizuizi cha duara cha maboksi au bati laini, kwa sababu vifaranga wanaposhtuka hukimbilia kwenye pembe na kulaliana hadi wengine wakakosa hewa.

Kuna jambo moja la maandalizi ambalo husahaulika kwa sababu haliwahusu wageni. Kuku ulionao wanapaswa kuwa wamepata chanjo ya kideri, yaani mdondo, angalau wiki mbili kabla ya wageni kufika, kwa maana kinga ya chanjo haijengeki siku ileile inapotolewa.

Hatua ya pili: Chagua muuzaji kwa maswali

Mahali pazuri pa kununua ni pale kuku walipolelewa, iwe ni kituo cha kutotoleshea vifaranga au shamba la mfugaji, ambapo unaweza kuona kundi zima na mazingira yake. Soko la kuku hai lina urahisi wake, lakini hukusanya kuku kutoka sehemu nyingi, na kuku aliyefika akiwa mzima anaweza kuondoka na ugonjwa wa jirani aliyekaa naye tenga moja kwa saa chache. Ukilazimika kununua sokoni, nenda mapema kabla joto na msongamano havijawachosha kuku, na ujue kwamba muda wa kuwatenga haupunguziki hata kidogo.

Kabla ya kupanga siku, mpigie muuzaji na umwulize kuku wana umri gani kwa wiki, wamechanjwa nini na lini, wanakula chakula cha aina gani, na kama kumekuwa na vifo au mafua katika mwezi uliopita. Muuzaji anayeijua kazi yake hujibu kwa tarehe. Anayejibu kwamba kuku wake "hawajawahi kuugua" hajajibu swali. Kwa vifaranga wa siku moja, uliza hasa juu ya chanjo ya mahepe, ugonjwa ambao wengine huuita Marek, kwa sababu chanjo yake hutolewa kituoni kifaranga anapototolewa, na nafasi hiyo ikipita huwezi kuifidia ipasavyo nyumbani.

Wasiliana pia na ofisi ya mifugo ya eneo lako. Katika nchi nyingi kuhamisha kuku kutoka wilaya moja hadi nyingine kunahitaji kibali au cheti cha afya, na kunapozuka mafua ya ndege au kideri usafirishaji husimamishwa kabisa. Ni afadhali kulijua hilo ukiwa nyumbani kuliko kwenye kizuizi cha barabarani, matenga yakiwa juani.

Hatua ya tatu: Matenga, saa na vitu vya kubeba

Tenga zuri lina sakafu isiyoteleza, matundu pande zote na mfuniko unaofunga sawasawa. Urefu wake umruhusu kuku kukaa akiwa ameinua kichwa, lakini usiwe mkubwa kiasi cha kumpa nafasi ya kuruka na kujigonga. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1 ya mwaka 2005 hutaka kuku mwenye uzito wa kilo 1.6 hadi chini ya 3 apewe sentimita za mraba 160 kwa kila kilo. Kwa hesabu hiyo, kuku wa kilo 2 anahitaji sentimita za mraba 320, na tenga la sentimita 90 kwa 60 linabeba 16. Hicho ni kiwango cha juu kabisa. Katika siku ya joto ningeishia 12, kwa kuwa kuku hana vinyweleo vya kutoa jasho, joto lake la kawaida ni kama nyuzi 41, na njia yake ya kujipoza ni kutweta na kutanua mbawa, jambo lisilowezekana akiwa amebanwa na wenzake kila upande.

Vifaranga husafirishwa kwenye maboksi yao maalumu yenye matundu, ambayo kwa kawaida hugawanywa vyumba vinne vya vifaranga 25 kila kimoja. Usiwahamishie kwenye boksi kubwa lisilogawanywa. Maboksi ya sabuni au viatu yaliyotobolewa kwa kisu hufaa kwa vifaranga wachache na safari fupi tu.

Panga safari ili kuku wawe barabarani alfajiri au jioni. Anayeondoka nyumbani gizani, akafika kwa muuzaji kunapopambazuka na kurudi kabla ya saa tano asubuhi huwa ameshinda nusu ya vita dhidi ya joto. Mwombe muuzaji asiwape kuku wakubwa chakula kwa saa chache kabla ya kupakia, ila maji wapate hadi dakika ya mwisho. Gole, yaani kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, likijaa humsumbua kuku anayetikiswa, na kinyesi kingi hulowesha tenga na kuchafua manyoya.

Katika gari pawe na matandiko ya akiba, kamba, kitambaa chepesi cha kufunikia, maji safi, sabuni, glavu, tochi, mfuko wa plastiki wenye viatu na nguo za kubadilisha, na chombo cha kunyweshea iwapo mtakwama njiani. Kama utanunua majogoo wawili, beba tenga la ziada, maana majogoo wasiofahamiana hawapakiwi pamoja.

Hatua ya nne: Mkague kila kuku kabla ya kulipa

Hapa ndipo pa kutumia muda. Ukifika, usianze kwa kukamata kuku. Simama kando kwa dakika kumi, bila kuzungumza sana, na utazame kundi. Kuku wazima huchakura, hunywa, hugombania nafasi na humtazama mgeni kwa udadisi. Anayekaa peke yake akiwa amevimbisha manyoya, amefumba macho na ameshusha mbawa ni mgonjwa, na kuwepo kwake ni taarifa kuhusu kundi lote, si kuhusu yeye tu. Sikiliza pia. Chafya moja katika banda lenye vumbi haina uzito, lakini chafya zinazojibizana kutoka pembe tofauti za banda ni sababu tosha ya kuaga kwa heshima na kurudi na matenga matupu.

Tazama sakafu. Kinyesi cha kawaida ni kigumu kiasi, cha kahawia au kijivu chenye kofia nyeupe, na mara kwa mara hutokea kile cha kunata chenye rangi ya kahawia na harufu kali, ambacho nacho ni cha kawaida. Damu humaanisha uwezekano wa koksidia, yaani vimelea vya utumbo, hasa kwa kuku wadogo. Majimaji ya kijani kwa kuku wengi huashiria kundi lenye homa au lililoacha kula, na kideri ni mojawapo ya sababu zake.

Baada ya hapo omba kumshika kuku mmojammoja. Mchukue kwa mikono miwili ukiwa umebana mbawa zake kwenye mwili, kisha upitishe kiganja chini ya kifua ili miguu iwe kati ya vidole vyako na uzito wake ukae kwenye mkono. Kuku hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo kama tulicho nacho. Hupumua kwa kupandisha na kushusha mfupa wa kidari, kwa hiyo anayembana kifuani kwa nguvu humnyima hewa bila kujua. Kumning'iniza kwa miguu, kichwa chini, ingawa ni desturi ya wengi, hufanya viungo vya tumboni vielemee mifuko yake ya hewa, na kuku mzito au aliyechoka anaweza kufa hivyohivyo mkononi.

Anzia kichwani. Macho yawe maangavu, ya duara, bila povu kwenye pembe. Bonyeza taratibu pembeni mwa tundu la pua. Kamasi ikitoka, hasa yenye harufu mbaya, au uso ukiwa umevimba chini ya jicho, mrudishe. Fungua mdomo na uchungulie kama kuna utando wa njano au vidonda, kisha umsogeze karibu na sikio lako usikilize pumzi, ambayo haipaswi kukoroma wala kupiga mluzi. Upanga na ndevu visiwe na rangi ya zambarau wala magamba meusi ya ndui.

Shuka kwenye gole, ambalo liwe laini na lisiwe gumu kama jiwe wala kufanana na puto la maji. Papasa mfupa wa kidari: ukiona umechomoza mkali bila nyama pande zote, kuku huyo amekonda, na kukonda kwa kuku anayekula mara nyingi husababishwa na minyoo au ugonjwa wa muda mrefu. Geuza manyoya ya kuzunguka kinyeo na ya chini ya mbawa. Hapo ndipo chawa wanapoonekana wakikimbia kwenye ngozi, na mayai yao meupe hushikamana kwenye shina la unyoya. Malizia miguuni. Magamba yaliyoinuka na kuota ukoko mweupe ni kazi ya utitiri wa miguu, unaotibika lakini huambukiza, na uvimbe wenye kidoa cheusi chini ya wayo ni jipu ambalo huchukua muda mrefu kupona.

Wengi huuziwa kuku aliyemaliza kutaga wakidhani ni mtetea mchanga anayekaribia kuanza. Mtetea wa wiki 16 hadi 18 ana miguu laini yenye magamba yaliyolala, kipi chake, yaani mwiba wa nyuma ya mguu, ni kidoa tu, upanga wake bado mdogo na wenye wekundu hafifu, na ncha ya nyuma ya kidari chake hupinda kidogo ukiibonyeza. Kuku mzee ana magamba magumu, kucha ndefu na ncha ya kidari isiyopinda. Kwa anayedaiwa kuwa anataga, weka vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga iliyo kando ya kinyeo. Nafasi ya vidole viwili au zaidi na kinyeo kipana chenye unyevu huonyesha kuwa anataga. Nafasi ya kidole kimoja na kinyeo kidogo kikavu huonyesha kuwa hatagi kwa sasa. Kuhusu jogoo, mmoja hutosha mitetea 8 hadi 10, na kuongeza wengine ni kuongeza vurugu.

Kifaranga hukaguliwa kwa namna yake. Mlaze chali juu ya kiganja: aliye na nguvu hujipindua na kusimama ndani ya sekunde chache. Manyoya yawe makavu na mepesi, miguu imenyooka, kitovu kimefunga bila kidonda wala kifundo cheusi, na nyuma kusiwe na kinyesi kilichoganda. Kifaranga huzaliwa akiwa na kiini cha yai tumboni kinachomtosha kwa saa 72 hivi bila chakula wala maji, na ndiyo maana anaweza kusafirishwa mbali. Lakini saa hizo huhesabiwa tangu alipototolewa, wala si tangu ulipomlipia, hivyo uliza alitotolewa lini.

Hatua ya tano: Kupakia na kusafiri

Weka matenga kivulini, uwaingize kuku kwa kuwatanguliza kichwa, na uhakikishe hakuna ukucha wala bawa lililonasa kabla ya kufunga mfuniko. Omba kilo kadhaa za chakula walichozoea, hata kama muuzaji atakutoza. Kabla ya kuingia garini, osha mikono, badilisha viatu na nguo ya juu, na uvitie vile vya shambani kwenye mfuko uliofungwa.

Giza hutuliza kuku, kwa hiyo kitambaa chepesi juu ya tenga ni msaada mkubwa, mradi pande zibaki wazi kwa hewa. Usiwaweke kwenye buti lililofungwa, ambako joto hupanda haraka na moshi wa gari unaweza kupenya. Kwenye pikipiki, funga tenga kwa kamba mbili zinazopishana na uweke kinga ya upepo upande wa mbele. Kwa vifaranga kinga hiyo ni lazima, kwa kuwa upepo wa mwendo huwapoza hata siku ya jua. Matenga yakipangwa juu ya mengine, weka mbao nyembamba katikati ili hewa ipite na kinyesi cha juu kisiwaangukie wa chini.

Endesha kwa utulivu na usisimame bila sababu, maana gari linapotembea hewa huzunguka na linaposimama joto hujikusanya. Kwa safari ya saa mbili au tatu, kuwanywesha njiani huwasumbua kuliko kuwasaidia. Safari ikichukua zaidi ya muda wa saa sita, au jua likiwa kali, simama kivulini uwape maji. Kuku wanaotweta midomo wazi wakiwa wamenyoosha shingo wanahitaji hewa mara moja: sogeza matenga, fungua milango, na upunguze idadi kwenye tenga ukiweza. Vifaranga wanaopiga kelele kali bila kukoma huwa wanahisi baridi au joto. Gusa miguu yao kwa shavu lako, nayo ikiwa ya baridi, wanahitaji kufunikwa.

Hatua ya sita: Saa za kwanza nyumbani

Wapeleke moja kwa moja kwenye banda lao la karantini, bila kupita kwa kuku wa zamani kuwaonyesha. Fungua tenga, uliweke sakafuni, na uwaache watoke wenyewe. Kwanza ni maji safi yasiyo baridi sana, na chakula kifuate baada ya saa moja au mbili. Unaweza kuwawekea glukosi au chumvichumvi za kuku kwenye maji ya siku ya kwanza, lakini antibayotiki "za kinga" hazina kazi hapa. Huficha dalili ambazo karantini inakusudia kuzifichua, na hujenga usugu wa vimelea. Chanjo nayo isubiri hadi kuku wapumzike, isipokuwa kama daktari wa mifugo ameelekeza vingine.

Vifaranga watoe mmojammoja na uchovye ncha ya mdomo wa kila mmoja majini mpaka umwone akimeza. Tandaza chakula juu ya karatasi kwa siku ya kwanza ili sauti ya kudonoa iwavute. Saa nane baada ya kuwapokea, papasa magole ya vifaranga ishirini hivi: angalau wanane katika kila kumi wawe wameshiba, na kesho yake karibu wote. Waliorundikana chini ya chanzo cha joto wanasikia baridi, waliokimbilia pembeni wakitweta wamezidiwa na joto, na waliotawanyika wakila na kulala wamepata wanachohitaji. Baada ya wiki ya kwanza, punguza nyuzi 3 hivi kila wiki.

Matenga yaoshwe na kuwekewa dawa jioni hiyohiyo. Ya mbao au fito hayasafishiki kikamilifu, na ukiyaazima kwa jirani umeazima pia kilichomo kwenye nyufa zake.

Hatua ya saba: Karantini

Wiki tatu ni kiwango cha chini, na siku 30 ndizo ninazozipendekeza. Kideri huweza kuchukua siku 2 hadi 15 kabla ya kuonyesha dalili, na kuku aliyewahi kuugua mafua au maambukizi ya maikoplazma, bakteria wa njia ya hewa, huweza kubeba vimelea akiwa na sura ya uzima kabisa. Siku tatu za kuwatazama, ambazo wafugaji wengi huziona kuwa zinatosha, hukamata tu wale ambao wangekamatwa kwa ukaguzi mzuri kule kwa muuzaji.

Kila siku hudumia kuku wa zamani kwanza, halafu wageni, kwa viatu na ndoo zisizovuka upande wa pili, na unawe kwa sabuni kila unapotoka. Watoto wasiwabusu vifaranga wala kuwashika kisha wakala, kwa kuwa kuku mzima anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Mara kadhaa kwa wiki nenda bandani usiku, uzime taa na usimame kimya. Mchana kelele za kundi humeza kila kitu. Gizani mkoromo wa kuku mmoja husikika wazi, na huo ndio ushahidi wa mapema wa ugonjwa wa njia ya hewa. Kabla ya kuondoka, futa upande wa chini wa fito za kulalia kwa kitambaa cheupe, nacho kikitoka na madoa mekundu, utitiri upo.

Katika kipindi hiki ndipo pa kupima kinyesi kwa ajili ya minyoo, kutibu miguu yenye ukoko kwa kuipaka mafuta mazito mara kwa mara, na kukamilisha chanjo zilizokosekana. Mayai yanayotagwa wakati wa dawa yafuate muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kifungashio. Usishtuke mitetea ikisimama kutaga kwa siku au wiki kadhaa; safari na chakula kipya hutosha kuisimamisha, ndiyo maana chakula hubadilishwa kidogokidogo kwa muda wa wiki moja.

Kuku akifa, usimtupe wala usimchinje mwenzake aliyedhoofika ili umwahi. Mvike mfuko, osha mikono na umwite mtaalamu wa mifugo. Vifo vingi vya ghafla ni jambo la kuripoti siku hiyohiyo, kwa usalama wa majirani na wa watu.

Katika wiki ya mwisho, mchukue kuku mmoja wa zamani ambaye hutamlilia sana, umweke na wageni. Akibaki mzima kwa siku saba, umepata uthibitisho ambao macho pekee hayatoi. Akiugua, kundi lako lingine limeokoka.

Hatua ya nane: Kuwachanganya

Kuku huishi kwa ngazi ya ukubwa inayopangwa kwa kudonoana, jambo ambalo Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alilieleza kitaalamu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kila mgeni huivuruga ngazi hiyo, kwa hiyo lengo ni kupunguza ukali wa ugomvi, kwa kuwa kuuzuia kabisa haiwezekani. Watenganishe kwa wavu kwa wiki moja ili waonane bila kufikiana, halafu uwahamishe wageni usiku na kuwaweka kwenye fito pamoja na wenyeji, ili wote waamke pamoja. Waingize kwa kikundi, kwani anayeingia peke yake hubeba mashambulizi yote. Ongeza vyombo vya chakula na maji katika pembe tofauti, na uweke kitu cha kujificha nyuma yake, kama ubao ulioegemezwa ukutani. Vifaranga wasichanganywe na wakubwa hadi wakaribiane nao kwa umbo.

Kama kuku wako hutoka nje, wafungie wageni kwa wiki moja katika banda watakalolala ili walizoee, vinginevyo jioni utawatafuta kwenye miti ya jirani. Kudonoana kidogo kwa siku chache ni kawaida, lakini damu ikionekana, mtoe aliyejeruhiwa mara moja, kwa kuwa rangi nyekundu huwavuta wengine kudonoa palepale. Na kama kuna mwenyeji mmoja anayewaandama wageni bila kuchoka, mtoe yeye badala ya anayeonewa, umweke peke yake mahali asipowaona kwa siku tatu au nne. Akirudishwa atakuta ngazi imepangwa bila yeye, na mara nyingi ukali wake hupungua.